Nota Chini ya Mapichi

Msimu wa mapichi, watu wa Mgeta hawana muda wa kukaa. Mapichi hayamsubiri mtu. Ukichelewa kuyachuma yanalainika. Ukichelewa kuyapakia yanaoza. Na lori likishaondoka bila mzigo wako, shauri yako.

Asubuhi ile ya Januari, ukungu ulikuwa bado umelalia matuta ya kabichi. Uwanja wa Mama Martina ulikuwa umejaa matenga. Eufrazia, binti yake mkubwa, alifika akitokea kwake ng'ambo ya kijito, na furushi la njegere kichwani.

"Tumsifu Yesu Kristo! Wenyewe mpo?"

"Milele amina. Karibu, dada," aliitika mdogo wake, Jastin, bila kuinua uso.

Jastin alikuwa amechuchumaa mbele ya tenga. Alikuwa akitandika karatasi chini, kisha anapanga safu ya mapichi, kisha karatasi tena, kisha safu nyingine. Ndivyo mapichi yanavyofungashwa huku milimani, yasichubuke njiani kwenda Dar es Salaam. Kila mkulima hukusanya magazeti ya zamani kwa kazi hiyo.

Eufrazia alitua furushi lake. Karatasi moja ilikuwa imepeperuka hadi miguuni pake. Akaiokota ili amrudishie mdogo wake.

Halikuwa gazeti. Ilikuwa karatasi ya daftari, imegeuka rangi ya chai, imeandikwa kwa mkono. Herufi ndogo zimeinamia kulia. Nukta mbilimbili katikati, na mistari midogo ya wima. Do, mi, so. So, la, so. Eufrazia aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia tangu usichana wake. Koo lake lilianza kuufuata wimbo kabla hajajua anasoma nini.

Kisha akajua.

"Jastin. Hii umeitoa wapi?"

"Si ni zile za baba."

"Za baba zipi?"

"Za kule chumbani, maktaba. Usiwe na wasiwasi, dada. Nimeshazipiga picha zote. Ziko kwenye simu."

Eufrazia aliangalia ndani ya tenga. Chini ya mapichi mekundu, kila mahali, aliona mwandiko wa baba yake.

Baba yao, Mwalimu Yohana, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwa miaka mingi alifundisha kwaya ya parokia. Alitunga nyimbo kwa Kiswahili na kwa Kiluguru. Pia alinakili nyimbo za makatekista waliomtangulia, watu ambao siku hizi hata majina yao yamesahaulika. Nota hizo zote alizipanga kwenye rafu katika chumba cha nyuma. Watu walikiita chumba hicho Maktaba ya Mwalimu. Walimu wa kwaya kutoka vigango vya mbali, yale makanisa madogo ya parokia, walipanda milima kuja kuazima.

Zamani hakukuwa na mashine ya kutoa nakala huku juu. Kwa hiyo kila wimbo Mwalimu aliuandika katika madaftari manne. Daftari la sauti ya kwanza walilishika wanawake wenye sauti za juu. La sauti ya pili, wanawake wenye sauti za chini. La sauti ya tatu, wanaume wa sauti za juu. La sauti ya nne, wanaume wa besi. Wimbo mmoja ulikaa kwenye madaftari manne. Ukikosa moja, wimbo unachechemea.

"Naona kurasa za sauti ya kwanza, ya pili na ya nne. Madaftari ya sauti ya tatu yako wapi?" Eufrazia aliuliza.

Jastin alinyoosha kidole kuelekea barabarani.

"Yaliondoka na lori la jana."

Eufrazia alimwinamia na ile karatasi mkononi.

"Umefungashia mapichi nota za baba? Mtu hata mwaka hajamaliza kaburini!"

"Dada, sikiliza kwanza. Chumba kinavuja. Karatasi zimeota kuvu, panya wanatafuna. Ukigusa zinavunjika kama chapati ya juzi. Simu haioti kuvu. Simu haitafunwi na panya. Hiyo ndiyo dijitali. Mjini wote wanafanya hivyo."

"Mjini wanafungashia mapichi nota za marehemu baba yao?"

"Mjini hawana mapichi," Jastin alisema, akajaribu kucheka. Alicheka peke yake.

Eufrazia alimnyang'anya simu. Akatafuta namba ya Stambuli, mnunuzi wao wa Dar es Salaam, akapiga.

"Kaka Stambuli, mimi dada yake Jastin wa Mgeta. Mzigo wa jana umeshaufungua?"

"Tangu alfajiri, dada yangu. Mapichi mazuri, hayana hata alama."

"Sitaki habari za mapichi. Zile karatasi ziko wapi?"

"Karatasi? Dada, hapa sokoni tukishamwaga matunda, karatasi wanazigombania wauza karanga. Saa hizi zimeshatawanyika mji mzima. Kwani zilikuwa na nini?"

Eufrazia alikata simu.

"Wimbo wa baba umefungiwa karanga," alimwambia Jastin. "Umefurahi?"

Makelele yalimtoa Mama Martina jikoni. Alikuwa mwembamba, amejifunga khanga mbili, na mikono yake ina unga. Aliwatazama watoto wake, akatazama karatasi, akatazama matenga. Alikaa kwenye kigoda.

"Kwenye misa ya mwaka ya baba yenu," alisema polepole, "nilitaka mniimbie ile Shukrani ya Mavuno. Yote, kwa sauti zote nne. Sijaisikia tangu alipoanza kuumwa. Nilikuwa nasubiri siku hiyo tu."

Misa ilikuwa imepangwa mwisho wa Februari.

"Utaimbiwa, mama," Jastin alisema haraka. "Si nimesema picha ziko kwenye simu? Dada, fungua hapo kwenye kundi la kwaya la WhatsApp. Nilizituma huko zote, halafu nikazifuta kwangu. Simu ilikuwa imejaa."

Walizifungua. Jastin ndiye aliyekuwa akizipitisha kwa kidole, mwanzoni haraka, kisha taratibu, kisha taratibu zaidi.

Picha ya kwanza ilikuwa na kivuli cha kichwa chake. Ya pili ilikuwa na dole gumba. Ya tatu ilipigwa kwa mwanga wa tochi ya simu, na katikati ya ukurasa kulikuwa na duara jeupe lisilosomeka. Nyingine zilikatwa chini, nyingine zilikatwa pembeni. Eufrazia alijaribu kuikuza moja. Herufi zikageuka madoadoa.

"Hii ni do au so?" aliuliza.

Jastin aliisogeza simu karibu na pua. "Ni... ngoja. Ni re."

"Ni re?"

"Sijui, dada."

"Hukupiga picha nota. Umepiga picha kichwa chako."

Honi ya lori ilisikika kutoka barabarani. Utingo alikuwa akiita majina ya wenye mizigo. Jastin alinyanyuka kushika tenga la kwanza. Eufrazia akamwahi. Alilishika tenga kwa mikono miwili, akalipindua. Mapichi yakatawanyika uwanjani, mengine yakabingirika hadi kwenye mfereji.

"Dada! Mapichi yangu!"

"Na nota zangu!"

Alipindua la pili. Alipindua la tatu. Alikuwa akiokota karatasi moja moja, akizipangusa kwa upindo wa khanga, na machozi ya hasira yakimdondoka. Jastin alisimama akimtazama. Lori lilipiga honi mara ya mwisho, likaondoka. Siku ile, nyumba ya Mama Martina haikupeleka hata tenga moja Dar es Salaam.

Zilizosalia zilikuwa nyingi: madaftari ya sauti ya kwanza, ya pili na ya nne, pamoja na nyimbo za makatekista. Lakini zilikuwa na unyevu, na nyingine zilikuwa zimenatana kwa maji ya mapichi.

Jioni, Eufrazia alimpigia simu Judith. Judith ni mtoto wa parokia hiyohiyo. Alisomea ukutubi, na anafanya kazi katika maktaba moja Morogoro mjini. Kazi yake ni kutengeneza nakala za kidijitali za vitabu vya zamani.

"Usizitupe hata kipande," Judith alimwambia. "Na usizianike juani. Jumamosi nitapanda huko."

Juani hakuzianika. Lakini Eufrazia hakuwa mtu wa kukaa na kusubiri. Juu ya moto wa jikoni kwa mama yake kulikuwa na uchaga. Hapo ndipo mbegu za mahindi na maharage hukaa mwaka mzima. Moshi unafukuza wadudu, joto linafukuza unyevu. Kila nyumba ya milimani ina uchaga kama huo. Alizipanga nota zote juu yake, kwa adabu, akachochea kuni.

Jumamosi Judith alifika kwa bodaboda, begi mgongoni, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, kuna baridi."

Judith aliingia jikoni. Aliinua macho akaona uchaga.

"Nani ameziweka huko juu?"

"Mimi," Eufrazia alisema kwa fahari. "Zimekauka vizuri kabisa."

"Zitoe! Zitoe sasa hivi!" Judith alishaanza kupanda kwenye kigoda. "Dada Eufrazia, hizi siyo mbegu! Mbegu ina ganda, karatasi haina. Moshi unaingia ndani ya karatasi na kuila taratibu. Joto linaifanya iwe kama jani kavu. Ungeziacha hapo mpaka Pasaka, zingekuwa unga."

Eufrazia alinyoosha mikono kuzipokea.

Kutoka mlangoni, Jastin alisema, "Ahaa."

"Wewe nyamaza!" Eufrazia alimgeukia. "Wewe huna haki ya kusema ahaa kwenye nyumba hii!"

Walizishusha kwa pamoja. Judith aliwaonyesha namna ya kukausha karatasi yenye unyevu. Walitandika kitambaa safi kwenye meza za sebuleni, kivulini. Walifungua madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Zile zilizonatana Judith hakuzibandua kwa nguvu. Aliacha zikauke kidogo, kisha akaziachanisha kwa ncha ya kisu butu. Vumbi la kuvu alilipangusa nje, kwa brashi laini, akiwa amejifunga kitambaa puani. Mama Martina alikuwa amenunua selotepu ili aunge karatasi zilizochanika. Judith aliichukua na kuiweka mfukoni mwake.

"Gundi ya selotepu inageuka njano, mama, na inakula wino. Kipande kilichochanika tukiweke tu karibu na mwenzake ndani ya bahasha ya karatasi. Kitasomeka."

Jastin alikuwa amekaa pembeni siku nzima, akibeba maji na kuhamisha meza. Mwishowe alishindwa kuvumilia.

"Dada Judith, niambie ukweli. Mimi nilikosea kuzipiga picha? Maana naona kazi yako ni hiyohiyo ya kupiga picha."

"Kuzipiga picha hukukosea," Judith alisema. "Wazo lilikuwa zuri kuliko la wote humu ndani. Ulikosea mambo mawili. Ulipiga picha bila kuangalia kama zinasomeka. Halafu ukazitupa karatasi."

"Sasa kama picha ipo, karatasi ya nini?"

"Picha ni ya kutumika. Karatasi ni ya kupumzika. Mtu akitaka kusoma wimbo, anasoma picha, na karatasi haiguswi. Lakini picha ikiharibika, au ikiwa mbaya, unarudi kwenye karatasi unapiga nyingine. Ukishaitupa karatasi, hiyo picha mbaya ndiyo umebaki nayo mpaka kiama."

Jastin aliinamisha kichwa. Eufrazia alimwona, lakini hakumwonea huruma. Alifikiria wauza karanga.

Kesho yake, baada ya misa, walianza kazi. Judith alitaka meza karibu na dirisha, mahali penye mwanga wa mchana lakini jua halipigi moja kwa moja. Jastin alichukua vigoda viwili na ubao. Aliutoboa ubao tundu moja. Simu ililala juu ya ubao, kamera inatazama chini kupitia kwenye tundu, na haikutikisika hata kidogo. Tochi ya simu ilizimwa. Chini walitandika kitambaa cheusi, na juu yake ukurasa mmoja. Pembeni mwa kila ukurasa waliweka rula, ili atakayeona picha ajue ukubwa wake. Waliweka pia kipande cha karatasi chenye jina la wimbo, sauti, na namba ya ukurasa.

"Ukurasa mzima uonekane, na pembe zake zote nne," Judith alisema. "Mbele na nyuma, hata kama nyuma hakuna kitu. Na kabla ya kugeuza, ikuze picha usome. Kama wewe huwezi kuisoma leo, mjukuu wako hataisoma kesho."

Eufrazia alilowesha kidole kwa ulimi ili afunue ukurasa.

"Mate!" Judith alimkemea.

"Jamani! Nimefunua misale kanisani hivi maisha yangu yote."

"Ndiyo maana pembe za misale yako ni nyeusi. Nawa mikono, kausha, shika kwa pembeni."

Jastin alipiga picha, Eufrazia alisoma. Picha mbaya ilirudiwa papo hapo. "Rudia," Eufrazia alisema. "Rudia. Hiyo nayo rudia." Alisema hivyo hata kwa picha moja au mbili ambazo Judith aliona ni nzuri. Jastin alirudia bila kubisha.

Mchana, mlango ulisukumwa bila hodi. Aliingia Mzee Mikaeli, mwalimu wa kwaya aliyemrithi marehemu. Fimbo yake ilitangulia.

"Shikamoo, Mwalimu," walisema wote.

"Sikuja kwa shikamoo. Nani amewaruhusu kuzipeleka nyimbo zetu mtandaoni?"

"Hazijaenda mtandaoni, Mwalimu," Judith alisema.

"Leo simu, kesho mtandao! Mmesahau? Kwaya ya ng'ambo ya mlima walikuja hapa kwa tabasamu, wakaazima nota za wimbo wa Pasaka. Mwaka uliofuata tukauona kwenye video yao, jina la mtunzi wameweka la kwao! Tangu siku ile nota zote nilizo nazo nimezifungia sakristia, nyuma ya altare. Ufunguo ninao mimi."

"Na ukifa?" Eufrazia aliuliza.

"Nini?"

"Nauliza, Mwalimu. Na ukifa, ufunguo atakuwa nao nani? Mchwa?"

"Eufrazia!" Mama Martina alimwita kutoka jikoni.

Lakini hasira iliyomkaa kifuani kwa siku zote zile ilikuwa imepata njia.

"Samahani, mama, niache niseme. Mwalimu, huyu mdogo wangu aliiamini simu, akatupa kila kitu. Na wewe humwamini mtu yeyote, umefungia kila kitu. Mimi nawaona ni walewale. Unawaogopa wezi? Laiti hao wezi wangetuibia sauti ya tatu! Leo ningevaa viatu nikaenda kuwapigia magoti wanipe. Angalau wao wangekuwa nayo."

Mzee Mikaeli alikaa chini. Alikuwa hajapata habari kwamba sauti ya tatu imepotea. Alimtazama Jastin, na Jastin akatazama sakafu.

"Yote?" mzee aliuliza.

"Yote, Mwalimu."

Kisha Judith akaeleza kwa utulivu. Kutengeneza nakala ni jambo moja, kuitangaza ni jambo lingine. Nakala inaweza kukaa imefungwa kama karatasi ilivyofungwa. Kwaya yenyewe ndiyo itakayoamua nani azione, na itaandikwa hivyo kwa maandishi. Na kila wimbo utaandikiwa jina la mtunzi, mahali, lugha, na jina la mtu anayeufahamu. Picha isiyo na maelezo ni kama mtoto aliyeokotwa. Yupo, lakini hujui wa nani.

"Tena kwa njia hiyo mwizi atakuwa na kazi," Judith aliongeza. "Nakala yenu yenye jina na tarehe itakuwa inakaa mahali watu wote wanapajua."

"Mahali pamoja?"

"Hapana, Mwalimu. Mahali patatu. Diski moja ofisini kwa padre. Nyingine hapa kwa mama. Nyingine maktaba yetu mjini. Zikikaa zote nyumba moja, moto mmoja unazimaliza. Na kila mwaka mzifungue, muone kama bado zinasomeka. Diski nayo hufa, kama simu."

"Na WhatsApp?" Jastin aliuliza kwa sauti ndogo.

"WhatsApp inaibana picha ili iende haraka, ndiyo maana zako zilififia. Picha za kutunza zihamishe kwa waya kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta. Ukilazimika kuituma, itume kama dokumenti."

Mzee Mikaeli alishika fimbo yake, akatoka bila kuaga. Wote walidhani amekasirika. Aliporudi alikuwa na kasha begani, limefunikwa mfuko wa nailoni. Walipolifungua, harufu ya kuvu iliwapanda puani. Madaftari ya juu yalikuwa na matundu ya mchwa. Ya chini yalikuwa yamelowa jasho la nailoni.

"Nilifikiri nailoni inazuia maji," alisema.

"Inazuia kuingia," Judith alisema, "na inazuia kutoka."

Mzee alitoa madaftari moja baada ya jingine, akiyapekua kwa macho yake yote. Ilikuwa dhahiri anachotafuta. Hakukuwa na sauti ya tatu ya Shukrani ya Mavuno. Mwalimu Yohana mwenyewe ndiye aliyeimba na kuwaongoza wanaume wa sauti ya tatu, kwa hiyo daftari hilo hakuwahi kumwachia mtu.

Kazi ilichukua Jumamosi na Jumapili zote za mwezi ule. Jastin aliezeka upya paa la chumba cha nyuma, kwa mapato ya mapichi yaliyobaki mtini. Rafu zilisogezwa mbali na ukuta, na hakuna kitu kilichowekwa sakafuni. Kila daftari lilivikwa karatasi nyeupe safi na kulazwa kwenye boksi la karatasi ngumu. Judith alichapa nakala kutoka kwenye kompyuta, na kwaya ikaanza kufanyia mazoezi nakala hizo. Waimbaji wazee walishangaa. Nota ambazo hawakuwahi kuziona vizuri kwa uchakavu, sasa zilisomeka hata jioni.

Shukrani ya Mavuno ilibaki na sauti tatu. Kwenye picha za zamani za Jastin waliweza kusoma vipande vichache tu, na wanaume wa sauti ya tatu, waliozoea kumfuata Mwalimu Yohana, kila mmoja aliikumbuka kivyake.

"Mimi naweza kuijaza," Mzee Mikaeli alisema kwenye mazoezi. "Najua mtindo wake. Tukiweka jina la Yohana, nani atajua?"

"Mama atajua," Eufrazia alisema. "Alilala pembeni ya sauti ile miaka yote. Usimdanganye mjane kwenye misa ya mume wake."

Siku ya misa ya mwaka, kanisa lilijaa mpaka nje. Watu walikuja kutoka vigango vyote. Baada ya komunyo, kwaya ilisimama. Sauti ya kwanza ilianza, kwa Kiluguru, ikimwita Mulungu kwa habari ya mahindi na maharage na mvua iliyokuja kwa wakati. Sauti ya pili iliipokea. Besi ikaingia chini yake kama mto. Kisha pakafika mahali ambapo sauti ya tatu hupanda juu ya wenzake.

Pakawa na tundu.

Wanaume wa sauti ya tatu walikuwa wamesimama kwenye mstari wao, wamevaa majoho, vinywa vimefungwa. Jastin alikuwa katikati yao. Hiyo ndiyo sauti anayoimba tangu alipobaleghe. Wimbo ulizunguka ukarudi pale tena, ubeti baada ya ubeti, na kila mara tundu lilikuwepo. Jasho lilimtiririka Jastin ijapokuwa kanisani kulikuwa na baridi. Eufrazia alimwona kutoka kwenye mstari wake. Hakuyaondoa macho yake hata mara moja.

Mama Martina alisikiliza wimbo wote akiwa amefumba macho. Nje, watu walipokuwa wanampa mkono, alimshika Eufrazia.

"Ahsanteni," alisema. "Hamkuniimbia wimbo wote. Lakini hamkunidanganya."

Siku zikapita, masika ikaja na kuondoka. Walipofungua maboksi, karatasi zilikuwa kavu. Walipofungua diski, kila picha ilisomeka. Walimu wa kwaya wa vigango vya jirani walikuwa wameanza kuleta madaftari yao kwa Eufrazia, na yeye akawa anawapanga kwa zamu. Alikuwa mkali. Aliyekuja na mikono michafu alirudishwa kisimani.

Siku moja Jastin alimkuta mezani karibu na dirisha.

"Dada, nina ombi."

"Sema."

"Nataka niandike sauti ya tatu ya Shukrani ya Mavuno. Mwalimu Mikaeli amenifundisha. Nimejaribu na besi, inakaa. Nimemwimbia mama."

"Amesemaje?"

"Amesema siyo ya baba. Halafu akasema nirudie tena."

Hasira ya Eufrazia bado ilikuwepo. Ilikuwa imepungua joto tu, kama chungu kilichoteremshwa jikoni.

"Iandike," alisema. "Lakini juu uandike jina lako. Siyo la baba."

Jastin alikaa. Aliandika taratibu, kwa mwandiko safi, mpaka mwisho wa ukurasa. Juu akaandika: *Sauti ya tatu. Imetungwa na Jastin Yohana.* Akamsogezea dada yake.

Eufrazia alisoma. Akairudisha.

"Andika na sababu."

"Sababu gani?"

"Ya kwa nini ya baba haipo. Atakayeifungua baada yetu atauliza."

Jastin alishika kalamu. Ilikaa juu ya karatasi kwa muda bila kugusa. Kisha akaandika chini ya jina lake: *Ya kwanza, ya Mwalimu Yohana, niliipoteza mimi.*

Eufrazia aliisoma tena, mstari ule peke yake.

"Acha wino ukauke," alisema. "Kisha tuipige picha."